Bahari ya Februari sio ya Juni, na ya juu sio ya chini

Kila bahari ikiingia kwenye ugomvi, iwe bandari inachimbwa, iwe hoteli inajengwa, iwe mto umeleta tope, lazima atokee mtu na ripoti yenye namba moja. Chembe zinazoelea ndani ya maji: miligramu 8 kwa lita. Basi. Wanaoutaka mradi wanasema mmeona, maji yako safi, wasioutaka wanasema namba imepikwa, na mjadala unafia hapo. Mi nasema inawezekana kabisa namba ni sahihi, aliyepima ni fundi na mashine yake nzima, na bado namba ikawa haina kazi, kwa sababu hakuna aliyeuliza ulikuwa mwezi gani, maji yalichotwa kina gani, na siku hiyo ilikuwa bamvua, yaani maji yanapanda na kushuka sana, au maji mafu, yaani yanapanda na kushuka kidogo.

Na hizi namba zina pesa nyuma yake, tusijidanganye. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Kenya kule Malindi iliamuru wavuvi wa Lamu kama 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa athari za ujenzi wa bandari. Ukichimba bahari tope linapanda, hilo halina ubishi, ubishi unakuja kwenye kiasi gani ni cha mchimbaji na kiasi gani bahari yenyewe ingekuwa nacho tu kwa msimu ule hata kama asingekuja mtu. Kama hujui bahari huwa ikoje mwezi hadi mwezi, wakili yeyote anakuzungusha mpaka unatoka mahakamani huna hamu.

Chukua Malindi, maana pale mambo yanaonekana kwa macho. Mto Sabaki unaingia baharini kilomita chache kaskazini ya mji, ni mto ule ule ambao juu unaitwa Athi, ukipita Tsavo unakuwa Galana, na eneo lote linaloumwagia maji ni karibu kilomita za mraba 70,000, yaani umetoka milima ya karibu na Nairobi, umepita Ukambani, umekusanya kila kilicholegea kwenye mashamba ya miteremko, na unakuja kukitua hapa. Msimu wa mvua maji yanatoka rangi ya chai ya maziwa na mstari yanapokutana na maji ya buluu unaonekana wazi, unaupiga picha na simu. Kusini ya mji kuna hifadhi ya bahari ya Malindi, iliyoanzishwa 1968 pamoja na ya Watamu, na ndani yake kuna matumbawe ambayo yanaishi kwa mwanga. Sasa kila anayeandika kuhusu Sabaki anauliza mto unaleta tope kiasi gani. Swali zuri, ila ni nusu. Nusu nyingine ni likishafika baharini linaelekea wapi, na hilo mto hauamui, unaamua upepo.

Kuanzia Desemba mpaka Machi ni kaskazi, upepo unasukuma maji ya juu kushuka kusini, kwa hiyo tope la Sabaki linakwenda mjini na kwenye hifadhi. Kuanzia Aprili mwishoni au Mei mpaka Septemba ni kusi, tope linageuzwa kwenda kaskazini, Ghuba ya Ungwana. Halafu weka na mvua sasa, maana mvua zenyewe ni mbili. Masika inamwaga Aprili na Mei, mto umejaa kweli kweli, lakini kusi ndo inaingia, kwa hiyo mzigo mkubwa wa masika unakwenda Ungwana ambako kamba hawana shida na maji ya tope, tena wanayataka. Vuli ya Novemba na Desemba inakuta kaskazi inaanza, basi mzigo wa vuli ndo unaishukia hifadhi. Na vuli ina ubaya wake mwingine, kwamba inakuja baada ya kiangazi kirefu cha Juni mpaka Oktoba, ardhi iko tupu, ng'ombe na mbuzi wameshamaliza majani, mvua ya kwanza ikipiga kila lita ya maji inaondoka na udongo mwingi kuliko lita ya mwezi wa tano ambapo angalau majani yameota.

Ukiyaunganisha hayo unaona kitu ambacho wastani wa mwaka unakificha. Mto unaweza kutoa maji mengi zaidi wakati wa masika na bado matumbawe ya Malindi yakaumizwa zaidi na vuli. Mtu akienda kupima hifadhini mwezi wa saba, tope la mto liko upande wa pili kabisa, atarudi na kusema Sabaki haina neno. Mwingine akienda katikati ya Desemba baada ya mvua kubwa atasema hifadhi imekufa. Wote wawili watakuwa wamepima vizuri.

Hapa nichomekee historia kidogo. Wanasayansi walitoboa tumbawe kubwa la Malindi wakapata kumbukumbu ya kama miaka 300, maana tumbawe linajijenga tabaka kwa tabaka mwaka kwa mwaka, na madini ya bari (barium) yanayokuja na udongo wa mto yanabaki humo ndani. Utafiti ulitoka 2007. Ulichoonyesha ni kwamba karne mbili nzima hali ilikuwa tulivu tu, halafu mwanzoni mwa karne ya 20 bari inaanza kupanda na haikurudi tena chini. Yaani bahari iliandika habari za ukoloni kule bara, watu kubanwa kwenye maeneo madogo, miteremko kulimwa. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni ikaamua tatizo ni ng'ombe wa Wakamba, ikaanza kuwachukua kwa nguvu, Muindi Mbingu akaongoza watu mpaka Nairobi kudai mifugo yao, na adhabu yake ikawa kuhamishiwa Lamu. Huko huko ambako kusi inasukumia maji ya pwani hii. Hiyo ni nje kidogo ya mada lakini nimeshindwa kuiacha.

Turudi kwenye kina, maana hapo ndo wengi wanapotea kabisa.

Maji ya mto ni matamu, ni mepesi kuliko ya chumvi, kwa hiyo yakiingia baharini hayachanganyiki saa hiyo hiyo, yanatandaa juu. Unaweza kuwa na mita moja au mbili za maji mekundu juu na chini yake maji ya kawaida tu ya bahari, mzamiaji akipita lile tabaka anashangaa anaona mbali. Ukichota ndoo juu unapata namba ya kutisha ambayo samaki wa mita kumi hajakutana nayo. Sasa subiri wiki sita. Mvua zimekatika, juu kumetulia, maji yanang'aa, watalii wanafurahi, ukichota ndoo juu unapata namba nzuri. Ila lile tope halijaenda mbali, liko chini limelala, na kila bamvua ikija mkondo unalinyanyua tena, linakuwa ukungu wa mita chache juu ya mchanga, yaani pale pale matumbawe yalipo. Mara ya kwanza ndoo ilikutisha bure, mara ya pili ndoo imekudanganya maji ni mazuri wakati chini kunafukuta.

Kinachofanya haya yote ni ukubwa wa chembe, na hesabu yake inashangaza. Mwendo wa kuzama unategemea kipenyo kikizidishwa kwa chenyewe. Chembe ya mchanga laini ya sehemu ya kumi ya milimita inashuka mita 30 ndani ya saa moja hivi. Chembe ya mfinyanzi ya mikromita 2, yaani sehemu mbili za elfu za milimita, ambayo kipenyo chake ni mara 50 ndogo, haizami mara 50 taratibu, inazama mara 2,500 taratibu, kwa hiyo hizo mita 30 itazimaliza kwa zaidi ya siku 100 kama maji yametulia, na bahari ya kutulia siku 100 haipo. Kwa mkondo mdogo wa sentimita 10 tu kwa sekunde ni kilomita 8 na ushee kwa siku, piga hesabu mwenyewe itakuwa imefika wapi. Kinachotuokoa ni chumvi, mfinyanzi ukikutana na maji ya chumvi chembe zinaacha kusukumana zinaanza kugandana, zinakuwa mabonge laini yanayoshuka haraka zaidi, ndo maana tope jingi la mto linatua karibu na mdomo badala ya kwenda Somalia. Ila mabonge hayo ni dhaifu, mawimbi yakiwa makali yanavunjika na mchezo unaanza upya. Kusi sasa, ambayo ndo msimu wa mawimbi, inayavunja na kuyapeleka mbali, wakati msimu wa kaskazi, maji yakiwa tulivu, yanashuka salama. Mto ule ule, udongo ule ule, misimu miwili, matokeo mawili.

Na bamvua tusiipite juu juu. Pwani yetu bamvua kubwa maji yanapanda na kushuka karibu mita 4, maji mafu labda mita moja na kitu. Nguvu ya mkondo kukwangua chini inakwenda na mwendo ukizidishwa kwa wenyewe, mkondo ukiwa mara mbili nguvu inakuwa mara nne. Kwa hiyo kwenye sehemu za kina kifupi, kwenye mikono ya bahari, kwenye mikoko, ndani ya wiki moja ya msimu ule ule namba inaweza kutofautiana kuliko inavyotofautiana kati ya kaskazi na kusi. Mvuvi yeyote anajua hilo, anakwambia leo bamvua maji yamechafuka siendi na mshipi. Ila nisiwasifie wavuvi kupita kiasi kama baadhi ya watu wanavyofanya siku hizi, ujuzi wao mkubwa ni wa kile kinachoonekana toka chomboni na kile kinachokuja na nyavu, tabaka la chini anayelijua ni mzamiaji wa pweza na majongoo bahari, na hata yeye haendi siku ya kusi kali.

Sasa njoo maabara kidogo, uone namba inazaliwaje. Unachukua karatasi ya chujio, unaikausha, unaipima uzito kwenye mizani ya kusoma mpaka sehemu ya kumi ya miligramu. Unapitisha lita moja ya maji ya bahari. Unaikausha tena, unapima, tofauti ndo chembe. Rahisi si ndiyo? Hapana. Lita ya maji ya bahari ina gramu 35 za chumvi. Karatasi ikitoka imelowa na ikabaki na nusu mililita tu ya maji, matone kama kumi, ikikauka inakuwa na miligramu 17 na nusu za chumvi. Chembe zenyewe kwenye maji masafi labda ni miligramu 2 au 3. Yaani usipoisuuza karatasi kwa maji yaliyotoneshwa, yasiyo na chumvi, pamoja na ule ukingo wake uliobanwa na chombo ambao maji ya kusuuza hayaufikii kirahisi, umepima chumvi ukaita tope. Na kwa sababu kosa hilo linaongeza kiasi kinachokaribiana kila mara, linaharibu zaidi maji masafi kuliko machafu, kwa hiyo linakufutia tofauti ya misimu, kaskazi inaonekana sawa na kusi, mkavu sawa na wa mvua. Ukiona ripoti ambayo mwaka mzima namba zake zinacheza kati ya 20 na 25 kila sehemu na kila kina, kabla hujasema bahari hii haibadiliki uliza kwanza walisuuza mara ngapi.

Halafu kuna hili la kwamba chembe zote ni uchafu, nalo linanikera. Miligramu 20 za Malindi baada ya vuli ni mfinyanzi mwekundu uliobeba mbolea na vijidudu vya mashambani. Miligramu 20 za Paje au Jambiani mwezi wa saba ni mchanga wa chokaa uliopondwa na mawimbi na vipande vya majani ya bahari, Unguja haina mto wa maana upande ule. Ule wa kwanza unameza mwanga na unang'ang'ania juu ya tumbawe, wa pili unatawanya mwanga na mawimbi yakipungua unatua. Akina mama wa mwani, na kilimo hiki kipo Unguja kibiashara toka 1989, wanakwambia mwani ukishikwa na vumbi la chini unakuwa mzito, unapata utelezi, inabidi kila bamvua ukienda uutikise kamba kwa kamba, uushike kichane kwa kichane ndani ya maji mpaka wingu litoke. Ukiacha, unaoza. Hapo chembe ni hasara tupu. Lakini kuna sehemu kadhaa duniani ambako watafiti wameona matumbawe ya maji ya ukungu yakipauka kidogo kuliko ya maji meupe mwaka wa joto kali, kwa sababu ukungu umewakinga na jua. Na chembe nyingine ni viumbe hai, ni chakula chenyewe, ukisema unataka bahari isiyo na chembe unasema unataka bahari isiyo na dagaa.

Kwenye kina kirefu hizi chembe hai na mabaki yake ndo zinatawala. Mfereji wa Pemba unashuka mpaka kama mita 800, tofauti kabisa na mlango wa Unguja ambao ni makumi ya mita tu. Kwenye maji marefu ya namna hiyo ukishusha kifaa unakuta chembe nyingi kidogo kwenye tabaka la juu lenye jua, kwenye kaskazi bahari ikiwa imetulia na maji ya moto yamekaa juu ya ya baridi kunakuwa na mkanda wa mimea midogo ambao haupo juu kabisa bali uko chini, makumi ya mita, pale mwanga wa mwisho unapokutana na virutubisho vya kwanza, ndoo yako juu haiuoni hata kidogo. Kusi ikija inakoroga tabaka la juu, mkanda unapotea, chembe zinasambaa. Chini ya hapo maji yanasafika, yanasafika, halafu ukikaribia sakafu chembe zinaongezeka tena. Hilo la sakafuni lilikuwa mshangao kwa dunia nzima, Maurice Ewing na Edward Thorndike walilionyesha 1965, kwamba hata kwenye kilindi cha maelfu ya mita kuna tabaka la ukungu limelala juu ya sakafu. Kabla ya hapo watu wengi walidhani huko chini ni maji matupu yaliyotulia.

Na msimu unafika huko pia. Kuanzia 1986 Wajerumani na Wahindi waliweka mitego kwenye Bahari ya Arabu, ni kama faneli kubwa zilizofungwa kwenye kamba ndefu kukinga kinachoshuka, na matokeo yaliyotoka 1989 yalionyesha kwamba mvua ya chembe kwenye kilindi inafuata pepo, kilele kimoja wakati wa kusi, kingine kidogo wakati wa kaskazi, katikati inapungua. Upande wa magharibi, kwa jamaa wa Oman, kusi inapuliza maji ya juu yaondoke pwani, ya baridi yenye virutubisho yanapanda, mimea inalipuka, na baada ya wiki kadhaa mabaki yake yanateremka kilomita mbili tatu kwenda chini. Ukiwa Salalah, mji wa pwani ya Oman, wakati wa kharifu, yaani msimu huo huo wa kusi, unaona ukungu milimani, kumbe na huko chini baharini nako kunanyesha. Sasa kama kilindi cha kilomita mbili au tatu kinajua ni mwezi gani, iweje ripoti ya mradi wa ufukweni iandike “vipimo vilifanyika” bila tarehe?

Watu wa teknolojia watasema tuna satelaiti, ndoo za nini. Nazipenda satelaiti, Sentinel-2 toka 2015 inakupa picha ambayo kila kidoti ni mita 10, bure, Malindi unaliona wingu la mto likigeuka na pepo bila kutoka nyumbani. Ila satelaiti inaona juu tu, kwenye maji ya tope haiingii hata mita moja vizuri, masika ambayo ndo tunaitaka mawingu yameziba, na kuna la tatu ambalo halizungumzwi. Sentinel-2 inapita saa nne na nusu hivi asubuhi kila mara. Pwani ya kwetu, siku za bamvua, saa nne au saa tano asubuhi ndo maji yamekupwa, uliza yeyote anayekwenda mwani au pweza. Siku za maji mafu saa hizo hizo maji yako juu au yanakaribia. Kwa hiyo picha zote za bamvua ni za maji kupwa, hakuna hata moja ya bamvua iliyojaa, na ukilinganisha bamvua na maji mafu hujui unalinganisha nguvu ya mkondo au unalinganisha kupwa na kujaa. Hata ukikusanya picha za miaka kumi hilo halirekebishiki, unakuwa umerundika tu upande mmoja.

Kwa nini yote haya yananisumbua sasa hivi, ni kwa sababu ya mto Rufiji wa Tanzania. Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa Desemba 2022, umeme wake ni megawati 2,115 na sina ugomvi nalo, nchi inahitaji umeme. Lakini mito ya Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu yote inaungana juu ya bwawa, yaani karibu udongo wote ambao Rufiji ilikuwa inaupeleka deltani na kisiwa cha Mafia sasa unapita kwanza kwenye ziwa kubwa lililotulia, na tumeshaona hesabu ya mchanga wa mita 30 kwa saa. Mchanga na tope zito vitabaki humo, mfinyanzi mwembamba utapita kiasi. Kilele cha mto kilikuwa Machi mpaka Mei, sasa maji yatatoka kwa ratiba ya mitambo, na pale bwawa linapozidiwa yanatoka mengi kwa mpigo, mafuriko ya Rufiji na Kibiti ya Aprili 2024 watu hawajayasahau.

Kwa bahari hii inamaanisha chembe zitabadilika mambo mawili kwa pamoja, aina na wakati. Ukiwa unapima jumla ya miligramu juu ya maji mara moja kwa mwaka, inawezekana kabisa usione kitu, mfinyanzi bado upo na rangi bado ile ile, huku chini mchanga uliokuwa unajenga kingo za mikoko umekatika. Upande wa magharibi wa Mafia, Kilindoni huko, maji yamekuwa ya ukungu siku zote, upande wa Chole, mashariki, ndo maji meupe, na hifadhi ya Mafia ipo toka 1995. Kama baada ya miaka kumi Kilindoni wakianza kuona vizuri chini ya maji, watu watashangilia kwamba bahari imesafika, kumbe delta inaliwa. Kwa Sabaki nako kuna bwawa la Thwake kule juu Makueni, hadithi itakuwa jirani na hiyo, na hapo matumbawe yanaweza hata kufaidika, wanaoumia watakuwa kamba wa Ungwana. Ni vipimo vya kabla ya bwawa ndo vitakavyoamua kesi hizo, na kipimo cha kabla hakirudiwi.

Ninachotaka mimi kwenye tathmini za mazingira sio kikubwa. Kaskazi na kusi zote mbili, bamvua na mafu zote mbili, juu, katikati na mita moja kutoka chini, na karatasi zichomwe tanuri baada ya kupimwa ili ijulikane kiasi gani kilikuwa hai na kiasi gani kilikuwa udongo. Vipimo kumi na viwili kwa kituo badala ya kimoja. Watasema gharama. Gharama kubwa ni boti na mafuta, na boti ikishafika kituoni kushusha chupa mara tatu badala ya mara moja ni robo saa ya ziada. Kati ya safari hizo, mpe nahodha wa pale kijijini kisahani cheupe cha sentimita 30 na kamba yenye alama, kile alichokianzisha padre Angelo Secchi wa Italia mwaka 1865, akishushe mpaka kipotee machoni, aandike mita, tarehe na hali ya maji, alipwe kidogo.

Ila kuna tatizo moja ambalo hata hilo halilimalizi. Siku ambazo bahari imebeba chembe nyingi kuliko zote ni siku za kusi kali na mvua, na siku hizo boti haitoki. Nahodha hatoki, mtafiti hatoki, satelaiti imezibwa na wingu. Kila seti ya data ya pwani hii imejaa siku nzuri, na ukiiwekea wastani unapata bahari safi kuliko ilivyo, bila mtu yeyote kudanganya. Dawa yake ni kifaa kinachofungwa chini ya maji na kujirekodia chenyewe usiku na mchana, bei yake ndefu lakini wafadhili wananunua, nimeona wengi wananunua. Kinafungwa, picha inapigwa, wageni wanaondoka. Baada ya wiki chache kwenye maji yetu ya moto kioo chake kimeota ute wa kijani na vichaza vidogo, kuanzia hapo kinarekodi ute wake chenyewe, namba zinapanda taratibu kila siku na mtu ofisini anaandika kwamba uchafu unaongezeka. Kwenye bajeti hizo kifaa kipo, leseni ya programu ipo, semina ya uzinduzi ipo. Mzamiaji wa kwenda kukisugua kila wiki mbili hayupo.